Kinga ya Mjomba Théophile

Kwetu, msichana haoni mali yake ya ndoa kabla haijaingizwa uani kwao. Ni kanuni ya mama zangu na ya mama zao, na mimi niliivunja Jumamosi moja ya Juni, asubuhi ya baridi, nikiwa nimejifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Nyumbani niliaga kwamba naenda kusukwa kwa rafiki yangu Chérie. Mama akasema vizuri, nywele zako zimekuwa aibu. Nikatoka bila kumtazama usoni.

Kumbe nilikuwa nakwenda soko la Kikula, kwenye ua wa papa Damas, kuchagua kinga. Kinga ndiyo baiskeli. Hivyo ndivyo tunavyoiita Likasi, na anayetaka kucheka acheke.

Placide alikuwa amefika kabla yangu. Nitasema wazi: mwanamume yule ni mzuri, na sioni sababu ya kujifanya sijaona. Ni mrefu, anainama kila mlango, na akisimama kusubiri anasubiri kweli, hachezi na simu, hapigi miluzi. Mara ya kwanza aliletwa kwenye dispensari ya Panda, ninakofanya kazi ya uuguzi, kiwiko kikiwa kimechubuka chote baada ya kuanguka na baiskeli yake ya mbio. Nilipokuwa namwosha kidonda kwa spiriti aliuma meno, kisha akaniuliza kama nimekula. Tangu nianze kazi ile, hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimfunga bandeji kubwa kuliko kidonda.

"Ulilala muzuri?" akaniuliza sasa.

"Nililala. Uko nacheka nini?"

"Kile kitambaa. Uko sawa muntu ya maladi ya meno."

"Nimekuya hapa mu siri juu yako, na weye uko nacheka."

"Siko nacheka tena," akasema, na akaendelea kucheka kwa macho.

Lazima nieleze kilichotupeleka pale. Mjomba Théophile, kaka yake mama, ndiye aliyenilea tangu baba afariki. Na kwa ukoo wa mama, hata baba akiwepo, mjomba ndiye anayemtoa binti. Kina Placide walipokuja kubisha hodi, Mjomba alipokea nguo za mama, blanketi na mbuzi bila kuongeza neno. Kisha akasema kimebaki kitu chake mwenyewe. "Mukalete kinga," akawaambia. "Siku mutaileta, njo siku nitajibu." Mkwe haulizi kinga ya namna gani. Kuuliza ni sawa na kumwambia mjomba kwamba unatafuta ya rahisi.

Lakini kila mtu wa Kikula anajua. Kinga ya mali ni ile nyeusi, ndefu, nzito, yenye kerieri ya chuma nyuma ya kubebea magunia ya makaa, ambayo sisi tunayaita makala.

Kilichomtia Mjomba uzito hakikuwa Placide, kilikuwa ni Kambove, mji mwingine. Placide ni fundi umeme kule, na kule ndiko tungeishi. Wakati huohuo, ng'ambo ya barabara ya Mjomba alikuwapo Hervé, mwenye duka la saruji na mabati, kijana mtaratibu ambaye naye alishaonyesha nia. Kutoka kwa Hervé, Mjomba angeweza kunisikia nikipiga chafya. Mama alishanidokeza jikoni: kinga isipompendeza Mjomba atairudisha, ikirudishwa Placide hana uwezo wa kununua ya pili, na Hervé hana haraka.

Mama yake Placide naye alikuwa na lake. Alisema Orpa wa kwenye Biblia ni yule aliyembusu mama mkwe kisha akarudi kwao njiani, na yeye hataki mke wa mwanawe awe wa kurudi njiani. Mimi jina la Orpa nilipewa, sikulichagua. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Placide alimwambia mama yake kwamba kama nitarudi njiani atarudi pamoja nami.

Basi tukaingia uani kwa papa Damas. Baiskeli zake ni za mitumba, zinafika kwa kontena zimebanana, naye anazitundika kwenye miti kama nyama. Alitupokea kwa mikono miwili.

"Papa Damas, jambo yako," nikasema kabla Placide hajafungua kinywa. "Ile ya nyeusi pale. Njo ile Yomba yangu anatafuta."

"Mama, weye uko na macho," akanisifu. "Ile utabeba makala, utabeba maji, utabeba bibi na mutoto. Haikufake hata siku moja."

Placide aliitazama nyeusi kwa heshima, akaipita. Papa Damas akakimbilia nyekundu moja inayong'aa, yenye springi mbele na nyuma.

"Alors hii. Hii ni ya bantu ya mbele. Amortisseur huku, amortisseur kule."

Placide akaiinua kwa mkono mmoja, akaishusha taratibu. "Iko muzito, papa. Amortisseur ya bei ya chini inakula tu nguvu ya muntu. Rangi iko muzuri, lakini rangi haipande mulima."

Akaenda mpaka kwenye ukuta wa nyuma, akasogeza matairi chakavu, akatoa baiskeli ya bluu ambayo mimi hata sikuiona. Ilikuwa ya mbio. Fremu ya vyuma vyembamba, usukani uliopinda kwenda chini, magurudumu makavu yasiyo na hata mapambo.

"Ah, ile," papa Damas akasema kwa unyonge kidogo. "Ile bantu banaikataa. Banasema iko sawa mbu. Nitakuachia bei ya bandugu."

Hapo ndipo nilipomwona Placide akifanya kazi, na nikasahau baridi. Aliipindua chini juu. Akazungusha gurudumu la mbele, akaweka sikio karibu, akafumba macho. Akazungusha la nyuma. Akapitisha kidole gumba kwenye rimu yote, polepole, kisha akapiga magoti na kuangalia pale chini fremu inapokutana na pedali, mahali ambapo mtu anayenunua kwa macho hawezi kuangalia kwa sababu kuna uchafu. Akaufuta kwa mkono wake wa shati. Hakuwa na haraka na hakumwonyesha mtu chochote. Nikajisemea moyoni, mtu anayekagua chuma hivi, mke wake hatalala na homa bila yeye kujua.

"Freins zimekufa," nikasema, maana raba za breki zilikuwa zimeliwa zote. "Na hii ribbon ya guidon imepasuka." Nikagusa utepe wa usukani.

"Ile tutabadirisha. Kintu ya kubadirisha baada haiko shida. Cadre iko muzima, jante ziko muzima. Ukikosea cadre, umekosea yote." Aligonga fremu, akagonga rimu, kisha akaninyooshea kidole kati ya tairi na fremu. "Angaria. Iko na fasi ya kutia pneu kubwa kidogo. Barabara yetu unaijua."

"Ninaijua."

"Panda."

"Minye?"

"Minye sina ruhusa."

Hilo lilikuwa kweli. Mkwe hapandi kinga ya mali. Akiipanda kabla haijatolewa imekuwa makombo, na mjomba hali makombo ya mkwe wake. Kwa hiyo mtu huenda kununua pamoja na kaka yake, na kaka ndiye anayejaribu. Placide anaye kaka, Bertin, mtu mwema mwenye tumbo lake. Nilikuwa nimemuuliza kwa nini asije na Bertin, akanijibu kwamba Bertin atavunja vitu vya watu.

Nilikuwa na suruali ndani ya kitenge. Nikakifungua, nikapanda. Placide akapiga magoti tena, akanishika kisigino na kukiweka juu ya pedali.

"Nyoosha muguu."

Nikanyoosha. Akatazama goti langu, akatoa spana mfukoni, akapandisha tandiko kidogo. "Tena." Nikanyoosha tena. Mkono wake ulikuwa wa moto pale kwenye kisigino, nami ningependa aendelee kupima mpaka jioni. Akauliza kama nafikia usukani bila kujivuta. Nikasema nafikia. Akaniuliza tena, nikasema Placide, nafikia, na papa Damas akageuka kutazama pembeni kama mtu mwenye adabu.

"Zunguka."

Nikatoka nayo mpaka kwenye njia ya wauza nyanya. Nimepanda kinga tangu utotoni, lakini zote zilikuwa za kusukuma kwa kifua. Hii nilipoikanyaga ikaenda kabla sijamaliza kuiambia. Kile kilima kidogo cha kuelekea kanisani, ambacho huwa nateremka na kuikokota, nilikipanda nimekaa. Wanawake wa nyanya wakapiga vigelegele vya utani, mmoja akaita, "Mama, bwana anakufukuza?" Nilirudi nikiwa nahema na kitambaa kimeanguka shingoni, na Placide alikuwa amesimama palepale, ananitazama. Hakuna aliyewahi kunitazama vile. Alikuwa kama mtu aliyeahidiwa kitu, akakiona ni kizuri kuliko ahadi.

"Iko muzuri," nikasema, nikiteremka. "Iko muzuri sana. Turudishe, tukamate ile nyeusi."

"Tunakamata hii."

"Placide. Yomba yangu iko murefu sawa weye. Akikaa hapa goti zitagonga kidevu."

"Ninajua."

"Haina porte-bagages. Haina fasi ya kubeba hata mukate."

"Ninajua, Orpa."

"Ataona kama uko namutukana. Alors juu ya nini uliniita hapa? Unataka banipeleke kwa Hervé?"

Jina la Hervé lilimchoma, niliona. Akamwomba papa Damas atutafutie kitambaa cha kufutia mnyororo, na tulipobaki wawili akasogea karibu.

"Yomba yako hapandi tena kinga," akasema. "Goti yake ilikufa, kila muntu anajua. Ile nyeusi ikifika kwake itasimama ku ukuta mpaka ioze. Yeye hana shida ya kinga. Iko na woga. Anawaza ukifika Kambove atakuona tu ku matanga."

Mjomba mwenyewe hajawahi kuyasema hayo, lakini tangu kina Placide wabishe hodi alikuwa akiniuliza kila jioni kama nimekula, mimi ambaye najipikia.

"Kutoka Kambove mpaka hapa ni goudron, lami tupu," Placide akaendelea. "Minye naikamata kila dimanche, siku ya misa. Na hii, weye utaikamata vilevile. Ile nyeusi itakuua mu njia, hii itakuleta. Akipokea, nitamuomba akuachie."

"Minye siko weye."

"Hauko minye. Uko mwepesi kupita minye. Nimekuona sasa hivi."

"Na ba camions, ile malori mukubwa?"

"Dimanche asubui haziko mingi. Na nitakuwa nyuma yako mpaka utazoea." Akaupapasa usukani kwa kidole. "Sitaki bibi mwenye anangojea muntu amubebe ndio aone mama yake. Nataka uende yako, na minye nione mugongo yako mu barabara, nifurahi."

Nilikuwa na hasira na mapenzi kwa wakati mmoja, na sijui kipi kilikuwa kikubwa. "Akiirudisha?"

"Akiirudisha nimekupoteza. Sina ya kununua ingine. Lakini siwezi kumupa kinga ya kusimama ku ukuta na nijue ni bongo, ni kumudanganya."

Papa Damas alirudi na kitambaa. Wote wawili wakanitazama mimi. Ningeweza kusema nyeusi. Placide angeinunua, naapa, bila kununa, na Mjomba angejibu ndiyo, na mimi ningekwenda Kambove nikawe mtu wa kuja kwenye misiba. Nikajifunga kitambaa changu tena.

"Mulipe papa Damas," nikasema.

Aliisukuma kwa mkono mpaka kwao, bila kuipanda hata mteremko. Wiki ile alibadili raba za breki, akafunga utepe mpya kwenye usukani, akaosha mnyororo kwa mafuta ya taa mpaka ukawa kama umetoka kiwandani. Tandiko hakuligusa, kwa kuwa halikuwa na kasoro.

Jumapili walikuja baada ya misa. Mimi nilikuwa ndani pamoja na Mama, tumesimama nyuma ya pazia la mlango. Nje kulikuwa na viti vya kuazima, majirani, na tantine Berthe, mke wa Mjomba, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika siku ya Bwana. Bertin ndiye aliyekuwa msemaji wa kwao. Alitoa hotuba ndefu, kisha akavuta kitenge kilichofunika kinga.

Watu wakanyoosha shingo kutazama.

"Ile ni kinga ao ni miwani?" tantine Berthe akauliza.

Watu wakacheka. Mama akanishika mkono. "Ni hii alileta?" akaninong'oneza. "Mutoto yangu, ni hii?" Nilimwona Placide kupitia pazia, amekaa mwisho wa benchi na mikono juu ya magoti, kwani mkwe hasemi siku hiyo. Alikuwa ameiva uso.

Mjomba akainuka na fimbo yake. Alifanya kazi ya mashine maisha yake yote, na hata sasa hawezi kuona kitu chenye magurudumu asikikaribie. Aliizunguka. Akaiinua kwa vidole viwili, nyusi zake zikapanda. Akazungusha gurudumu, akainamisha sikio, akafumba macho, na mimi nilitamani kulia kwa sababu nilijua nimemwona nani akifanya vile. Kisha akasimama kando ya tandiko. Lilimfika chini sana, nusu ya paja.

"Hii selle," akasema, "nani aliipima?"

Bertin akasafisha koo. "Ni minye, papa. Njo minye nilijaribu kinga."

"Weye?"

"Minye kabisa."

"Panda."

Maskini Bertin. Alipanda. Magoti yalimfika kwenye viwiko, na tumbo likakaa juu ya fremu kama mzigo. Alizunguka kidogo, akamgonga mama mmoja aliyebeba sinia, na watoto wakalala chini kwa kucheka.

"Shuka, mutoto yangu, utaumia," Mjomba akamwambia kwa upole. Akaangalia tandiko tena, akaangalia benchi la kina Placide, mtu mmoja mmoja, warefu wote. "Ile miguu haiko kwenu. Ile miguu iko mu hii lupango." Akaelekeza fimbo kwenye ua wetu.

Mama akaniachia mkono. Akageuka akatazama kichwa changu. Ile Jumamosi ya kusukwa nilirudi na mistari miwili tu, ambayo Chérie aliisuka kwa haraka akinitukana, na Mama hakusema kitu siku ile. Alifunga macho.

"Orpa," Mjomba akaita. Hakupaza sauti.

Nikatoka. Sijui nilivyofika katikati ya ua. Ninachokumbuka ni viatu vya watu.

"Panda."

"Ba Théophile," tantine Berthe akaanza, "mwanamuke hapandi mali yake, haifai hata—"

"Apande."

Nikajifunga kitenge vizuri, nikapanda, nikaweka mguu kwenye pedali. Mguu ukanyooka, mikono ikafika. Mtoto mchanga angeona kwamba kinga ile na mimi tulishakutana. Minong'ono ikaanza, na nikasikia jirani mmoja akisema msichana amejinunua mwenyewe sokoni. Hilo ndilo neno lililoniogopesha tangu mwanzo.

"Mulienda pamoja," Mjomba akasema.

"Ndiyo, Yomba."

Placide akainuka. Bertin alijaribu kumvuta shati, lakini alikuwa ameshapiga magoti mbele ya Mjomba na kupiga makofi taratibu, ya viganja vilivyokunjwa, kama wazee wao wanavyoomba ruhusa.

"Papa, kosa ni yangu. Njo minye nilimuita."

"Ulijua haitanitosha."

"Nilijua, papa. Niliipima ku muguu ya Orpa. Nilitaka kinga yenye itamurudisha kwako." Akapiga makofi tena. "Ya kubeba makala iko mingi ku soko. Yenye itamuleta hapa kila dimanche haikuwa mingi."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alisimama na fimbo yake, akimtazama mtu yule mrefu aliyejifanya mfupi kwenye vumbi. Ng'ambo ya barabara Hervé alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake, hata yeye alikuwa anasubiri.

"Orpa," Mjomba akasema mwishowe. "Fika mpaka ku kona, urudi. Nikuone."

Nikatoka nayo getini. Barabara yetu ina mashimo, nayajua yote kwa majina, nikayapitia pembeni. Nilipita dukani kwa Hervé, nikapita bomba la maji, nikageuza kwenye kona bila kuweka mguu chini. Nikarudi kwa kasi niliyokuwa nayo yote, maana kama ilikuwa ni mara ya mwisho kuipanda, basi Mjomba aone. Watu walikuwa wametoka wote getini. Placide alikuwa miongoni mwao, na uso wake ulikuwa ule wa sokoni.

Nikafunga breki mbele ya Mjomba. Raba mpya zikashika vizuri.

"Nani alikufundisha kupanda vile?" akaniuliza.

"Ni weye, Yomba. Na ile kinga yako ya kazi. Nilikuwa natia muguu katikati ya cadre sababu sikukuwa nafika ku selle, na weye ulikuwa unakimbia pembeni."

Kwa muda mrefu Mjomba alikuwa anakagua mnyororo ambao haukuhitaji kukaguliwa.

"Kosa ya kuona mali mbele ya siku," akasema kwa sauti ya baraza, "batalipa kuku. Kuku ni ya tantine Berthe."

"Mbili," tantine Berthe akasema.

"Mbili. Na musikie bote. Hii kinga haiko ya Orpa. Ni ya mali, ni yangu. Itaenda kulala Kambove sababu minye siko na goti. Lakini kila dimanche nataka niione hapa mu lupango, na muntu yangu juu yake. Siku haitakuya, nitasema kama muliniiba." Akamgeukia Placide. "Simama, utachafua suruali. Weye utakuya nyuma yake."

"Nitajaribu, papa. Iko mbio sana."

Hapo watu wakacheka kweli, na Mama akatoka ndani akiwa anajifuta macho kwa ncha ya kitenge na kunikaripia kuhusu mistari miwili kwa pumzi ileile. Bertin akaanza wimbo kabla ya wakati wake, wakamnyamazisha.

Lilibaki swali. Kwetu mali haipokelewi mpaka binti aulizwe mbele ya watu, na wengi huulizwa kwa haraka, jibu likiwa limeshajulikana. Mjomba hakuuliza kwa haraka.

"Orpa, mutoto ya dada yangu. Tupokee hii mali, ao tuirudishe?"

"Ashuke kwanza," tantine Berthe akasema. "Banajibu na magoti chini."

"Umuache. Ajibu pale iko."

Mguu mmoja ulikuwa chini, mwingine kwenye pedali. Nilimtazama Placide, vumbi kwenye magoti yake, jasho kwenye paji la uso ingawa kulikuwa na baridi, na nilimpenda.

"Mupokee, Yomba."

Vigelegele vikalipuka mpaka barabarani. Mjomba akaachia fimbo yake ikaanguka, akashika usukani kwa mikono miwili, mmoja kila upande wa mikono yangu, kama mtu anayetaka kuupokea. Lakini hakuuvuta. Alisimama vile, ameushika, kelele zikitupita, na hakuachia upesi. Nikamngoja mpaka alipokuwa tayari kuniachia.